Kushtakiwa Si Kuhukumiwa

Katika mitaa iliyo magharibi ya jiji la Nairobi, kama vile Uthiru, Kangemi na Kinoo, kuna maneno yanayosikika mara kwa mara mahali watu wanapongojea matatu. Mtu hukamatwa jioni kwa kusemwa kwamba ni mwizi, na siku chache baadaye huonekana tena akitembea barabarani. Hapo majirani husema, "Sheria ya nchi hii ni ya wezi." Wengine huenda mbali zaidi, wakasema ya kwamba mwizi mwingine akishikwa hapana haja ya kuita polisi, bali mawe na moto vimalize shauri papo hapo.

Upande wa pili wako wazazi wenye kilio chao. Kijana wao amechukuliwa usiku, hawajui amewekwa wapi, hawajui wamwulize nani, wala hawajui pesa ipi ni halali ya korti na ipi ni hongo. Wengine huuza mbuzi au kukopa kwa haraka, kisha pesa hizo zisionekane tena.

Hasira ya majirani na hofu ya wazazi zina chimbuko moja. Ni wachache walioelezwa jinsi kesi inavyokwenda tangu mtu anaposhikwa mpaka anapoachiliwa au kufungwa. Yafaa njia hiyo ijulikane na kila mtu, kwa maana hakuna ajuaye ni lini yeye mwenyewe atasimama kortini, awe ni mshtakiwa, ni shahidi, au ni yule aliyeibiwa.

MIKONO MITATU

Kesi ni za namna mbili. Watu wawili wakigombania mpaka wa shamba au deni, hiyo ni kesi ya madai, na mwenye kudai huipeleka kortini mwenyewe. Lakini mtu akiiba, akipiga au akiua, sheria yahesabu kwamba amewakosea wananchi wote pamoja na yule aliyeumizwa. Hiyo ni kesi ya jinai, na mshtaki wake ni Jamhuri.

Katika kesi ya jinai kazi imegawanywa kwa mikono mitatu. Polisi hukamata na kupeleleza. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, pamoja na waendesha mashtaka walio chini yake, husoma faili na kuamua kama ushahidi watosha kumshtaki mtu. Hakimu au jaji husikiliza pande zote mbili na kukata shauri. Zamani kazi ya mashtaka ilikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu, ambaye pia ni mshauri wa Serikali, na katika korti nyingi za mahakimu walioendesha kesi walikuwa maofisa wa polisi. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliitenga kazi hiyo na kuipa ofisi yake yenyewe.

Faida ya kuitenga mikono hiyo yaweza kuonekana katika jina la barabara kubwa ipitayo Uthiru. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa upande wa Kabete. Mwaka 1892, baada ya ugomvi na maofisa wa Kampuni ya Imperial British East Africa, alishikwa katika ngome yao ya Fort Smith, akaondolewa kwao apelekwe pwani, akafia njiani huko Kibwezi. Watu waliomshika ndio waliomlaumu, na ndio hao hao walioamua atendwe nini. Hapakuwapo mtu wa tatu, asiye na ugomvi naye, wa kuuliza kama lawama ile ilikuwa ya kweli. Korti ipo ili mtu huyo wa tatu awepo daima.

SAA 24

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini mambo yake ni ya kila wiki. Mama mmoja mwenye hoteli ndogo hapo Uthiru aamka asubuhi na kukuta mtungi wake wa gesi umeibwa. Siku ya Ijumaa, saa mbili usiku, kijana wa jirani aonekana amebeba mtungi unaofanana na ule. Watu wamzunguka kwa kelele. Kwa bahati askari wafika upesi, wakamchukua mpaka kituo cha polisi pamoja na mtungi.

Tangu dakika ile ya kushikwa, kijana huyo ana haki zilizoandikwa katika Kifungu cha 49 cha Katiba. Sharti aambiwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake. Sharti aambiwe ya kwamba anaweza kunyamaza, na ni nini kitakachofuata asiponyamaza. Ana ruhusa ya kuzungumza na wakili na watu wengine ambao anahitaji msaada wao. Hapana ruhusa kwa mtu yeyote kumlazimisha kukiri. Tena sheria ya ushahidi yasema kwamba ungamo halikubaliwi kortini ila likiwa limetolewa mbele ya hakimu au jaji, au mbele ya ofisa wa polisi wa cheo kilichotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na hapo awepo mtu mwingine aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Kofi la usiku halizai ushahidi.

Haki iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya kufikishwa kortini upesi iwezekanavyo, na kabla ya saa 24 kupita. Lakini hapa watu wengi hukosea hesabu. Katiba yasema kwamba saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, au siku ambayo si ya korti, muda husogezwa mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kijana wa mfano huu alishikwa Ijumaa saa mbili usiku. Saa 24 zake zaisha Jumamosi usiku, wakati milango ya korti imefungwa. Basi polisi wana muda wa kumfikisha mpaka mwisho wa siku ya Jumatatu, ikiwa si sikukuu. Ndiyo sababu watu wa Nairobi huogopa sana kukamatwa siku ya Ijumaa.

Jamaa zake wasikae nyumbani wakilia, wala wasimtume mtu wa njiani ajisemaye kuwa anajuana na wakubwa. Waende kituoni kwa adabu, waombe kumwona ofisa mkuu wa kituo, yule aitwaye OCS, na wamwulize mambo matatu: kijana anashukiwa kwa kosa gani, namba yake katika kitabu cha matukio, yaani OB, ni ipi, na atapelekwa korti gani siku gani. Swali hilo la mwisho ni muhimu kwa watu wa Uthiru, kwa sababu wanakaa karibu na mpaka wa Kaunti ya Nairobi na Kaunti ya Kiambu. Kesi moja yaweza kwenda Kibera, nyingine Milimani, nyingine Kikuyu, na mwenye kupanda matatu bila kuuliza huenda akafika korti isiyo yake wakati jina la mtoto wake likiitwa kwingine.

BONDI SI USHINDI

Sasa lile jambo linalowaudhi majirani. Mtu aliyeshikwa aweza kuachiliwa kabla kesi haijasikilizwa, kwa bondi au kwa dhamana. Bondi ni ahadi ya maandishi ya kwamba atarudi siku atakayotakiwa, na mara nyingi hutiwa nguvu na mdhamini ambaye aweza kuweka hati ya shamba au kitabu cha gari. Dhamana ya pesa taslimu ni fedha zinazowekwa ili kuhakikisha kwamba atarudi. Akikosa kufika bila sababu, pesa au mali ile yaweza kuchukuliwa na Serikali, na hati ya kumkamata ikatolewa. Akifika kila mara, kesi ikiisha hurudishiwa fedha zake, hata kama ameonekana na hatia. Kwa hiyo dhamana si faini, wala si bei ya kununua uhuru.

Hapo ndipo wazazi wawe macho. Bondi ya polisi haiuzwi. Na popote pesa zinapowekwa kuwa dhamana, kituoni au kortini, lazima stakabadhi itolewe yenye kiasi kile kile kilicholipwa. Pesa isiyo na stakabadhi si dhamana. Stakabadhi nayo itunzwe vizuri kama hati ya shamba, kwa maana ndiyo itakayorudisha fedha siku kesi itakapokwisha.

Kwa nini sheria imwachilie mtu anayeshukiwa? Kwa sababu mpaka hukumu itolewe, Katiba yamhesabu kuwa hana hatia. Mtu akikaa mahabusu mwaka mzima, kisha ikaonekana hakukosa, hakuna korti iwezayo kumrudishia mwaka ule, wala kazi aliyopoteza, wala karo ya watoto wake. Hata hivyo mlango huo hauko wazi kwa kila mtu. Korti yaweza kukataa kutoa dhamana ikiwa kuna sababu nzito, kama vile kuonekana kwamba mshtakiwa atatoroka au atawatisha mashahidi. Mama mwenye hoteli akitishwa na kijana yule au na rafiki zake, asinyamaze, bali amwambie mpelelezi au mwendesha mashtaka, naye ataweza kuiomba korti iondoe dhamana hiyo.

Kwa makosa madogo, ambayo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6, Katiba yasema mtu asiwekwe mahabusu kabisa.

Basi anayeonekana barabarani baada ya siku tatu huenda hajashinda kesi. Kesi yake yamngoja.

KUJIBU MASHTAKA

Siku ya kwanza kortini mashtaka husomwa, na mshtakiwa huulizwa kama ni kweli au si kweli. Swali hilo ni fupi, nalo ndilo lililowaponza watu wengi. Wako waliojibu "ni kweli" kwa kuchoka, au kwa kuogopa, au kwa kuambiwa na mtu korido ya korti ya kwamba wakikiri watarudi nyumbani jioni. Mtu akikiri, hapana mashahidi tena. Kinachobaki ni adhabu, na alama ya kuhukumiwa hubaki juu ya jina lake atakapotafuta kazi.

Kwa kulinda watu na hatari hiyo, Korti ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza mwaka 1973, katika kesi ya Adan, namna hakimu apasavyo kupokea jibu. Mashtaka yasomwe na kuelezwa kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa aulizwe kama ayakubali. Akikana jambo kubwa katika maelezo yale, au akisema neno linaloonyesha kwamba huenda hana hatia, hakimu aandike kwamba amekana mashtaka, na kesi isikilizwe.

Kijana wa Uthiru akijibu, "Ndiyo, mtungi nilikuwa nao, lakini niliununua kwa mtu sokoni," hilo si jibu la kukiri. Amekubali kuwa na mtungi, hakukubali kuiba. Hata shtaka likigeuzwa kuwa la kupokea mali ya wizi, upande wa mashtaka sharti uonyeshe ya kwamba alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kuwa mali ile imeibwa. Lakini na yeye ajue kwamba kununua kitu cha thamani usiku, kwa bei ya kutupa, bila risiti, ni kujitafutia maswali magumu.

Jiji la Nairobi lina ukumbusho wa kile kinachotokea kanuni hizi zikivunjwa. Katika miaka ya 1980, kwenye jumba la Nyayo House lililo katika makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, watu walioshukiwa kuwa wapinzani wa Serikali waliwekwa katika vyumba vya chini kwa siku na majuma bila kupelekwa kortini, wakateswa. Wengi kisha walifikishwa mbele ya hakimu bila wakili, wakakiri, wakafungwa. Kwa kuzitazama kumbukumbu za korti, mtu angedhani sheria ilifuatwa: mashtaka yalisomwa, jibu likatolewa, hukumu ikaandikwa. Miaka mingi baadaye, tangu 2010, Mahakama Kuu imeamuru watu kadhaa kati ya walioteswa walipwe fidia. Kanuni ya saa 24 na haki ya kuwa na wakili zina maana hiyo: hakimu apate kumwona mtu mapema, angali na nguvu ya kusema lililo kweli.

USHAHIDI

Mshtakiwa akikana, mzigo wa kuthibitisha huwa juu ya Jamhuri. Kijana halazimiki kuthibitisha kwamba hakuiba. Mwendesha mashtaka ndiye athibitishe kwamba aliiba, kiasi cha kutoacha shaka yenye maana. Shaka ya namna hiyo ikibaki, humfaa mshtakiwa.

Mashahidi wa upande wa mashtaka hutangulia. Mama ataeleza jinsi alivyouacha mtungi na jinsi alivyoukosa, na kwa alama gani anautambua. Mtungi wenyewe utaletwa. Shahidi husema aliyoyaona kwa macho yake na kuyasikia kwa masikio yake, si yaliyosimuliwa na jirani. Kisha mshtakiwa au wakili wake humwuliza maswali. Mashahidi wakiisha, hakimu huamua kama kuna kesi ya kujibiwa. Ikiwa hakuna, mshtakiwa huachiliwa papo hapo. Ikiwa ipo, ana njia tatu: kutoa ushahidi kwa kiapo na kuulizwa maswali, kusema bila kiapo na asiulizwe, au kunyamaza. Aweza pia kuita mashahidi wake. Wahenga walisema, msema pweke hakosi, na ndiyo sababu korti haimpi mtu nafasi ya kusema pweke.

Watu wengi huogopa kuwa mashahidi, wakisema watapoteza siku za kazi. Lakini kesi nyingi huanguka kwa sababu mashahidi hawakutokea, kisha watu wale wale hulalamika kwamba mwizi ameachiliwa. Na wanaotokea wajue uzito wa kiapo. Katika kesi ya Kapenguria, iliyoanza mwaka 1952, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa mwezi wa Aprili 1953 kufungwa miaka 7 na kazi ngumu. Mmoja wa mashahidi wakubwa wa Serikali alikuwa Rawson Macharia. Mwaka 1958 aliapa ya kwamba ushahidi wake ule haukuwa wa kweli, naye akashtakiwa kwa ajili ya kiapo hicho cha pili, akafungwa. Kenyatta, wakati huo, alikuwa amekwisha kukaa kifungoni miaka mingi. Hakimu hawezi kuona yaliyo moyoni mwa shahidi. Leo sheria ya Kenya yaweza kumfunga mtu mpaka miaka 7 kwa kusema uongo chini ya kiapo.

KENYA NA MAREKANI

Vijana wengi hupata habari za korti katika sinema za Marekani, wakadhani mambo ni yale yale Milimani. Mengine yanafanana, mengine sivyo.

Yale maneno ambayo askari wa Marekani humwambia mtu anayemkamata, ya kwamba ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili, yalitokana na kesi ya Ernesto Miranda. Alikamatwa mwaka 1963 huko Phoenix katika jimbo la Arizona, akahojiwa bila kuelezwa haki yake ya kuwa na wakili, akakiri. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu yake. Lakini haikuishia hapo. Alishtakiwa upya bila ungamo lile kutumiwa, na kwa ushahidi mwingine akaonekana na hatia tena. Basi wanaosema kwamba haki za mshukiwa huwaokoa wahalifu watazame kesi hiyo: mwenye hatia alifungwa, na polisi wakajifunza kutafuta ushahidi ulio safi.

Kesi nyingine ni ya Clarence Gideon, mtu maskini wa jimbo la Florida, aliyeomba wakili akanyimwa, akafungwa. Akiwa jela aliandika barua yake kwa kalamu ya risasi kwa Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1963 iliamua kwamba maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa apewe wakili. Kesi yake iliposikilizwa tena, akiwa na wakili, aliachiliwa. Katiba ya Kenya nayo yasema mshtakiwa apewe wakili na Serikali ikiwa bila hivyo atadhulumiwa sana, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliweka idara ya kazi hiyo. Tena yako mashirika kama Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, yanayowasaidia wasio na uwezo.

Tofauti kubwa ni baraza la raia. Huko Marekani kesi nzito zinazosikilizwa huamuliwa na raia wa kawaida, mara nyingi 12, nao sharti wakubaliane wote kabla mtu hajahesabiwa kuwa na hatia. Kenya haina baraza hilo. Wakati wa ukoloni Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na baraza la Wazungu wenzake, lakini Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao jaji hakulazimika kufuata maoni yao. Desturi ya wazee hao iliondolewa mwaka 2007, na leo hakimu au majaji ndio wanaoamua, kwa kila mtu sawa. Kwa sababu hiyo hukumu ya Kenya huandikwa pamoja na sababu zake, ili aliyeshindwa ajue alishindwa kwa nini na aweze kukata rufani.

Tena si kweli kwamba kesi za Marekani huisha kwa hotuba ndefu za mawakili. Sehemu kubwa sana huisha kwa mapatano, mshtakiwa akikiri kosa dogo zaidi au akitumaini kupunguziwa adhabu. Sheria ya Kenya iliruhusu mapatano ya namna hiyo mwaka 2008, lakini korti hairuhusiwi kuyapokea mpaka ihakikishe kwamba mshtakiwa ameyafahamu na hakulazimishwa.

HUKUMU NA RUFANI

Kijana akionekana hana hatia, huachiliwa, na hawezi kushtakiwa tena kwa jambo lile. Akionekana na hatia, si lazima aende jela. Hakimu aweza kumtoza faini, au kumweka chini ya ofisa wa urekebishaji, au kumpa kazi ya kuwatumikia wananchi bila malipo, kwa sheria ya mwaka 1998. Kabla ya adhabu mshtakiwa hupewa nafasi ya kujitetea ili apunguziwe. Korti yaweza pia kuamuru mtungi urudishwe kwa mwenyewe. Kwa makosa madogo ya mtu na mtu, kama kupigana kwa majirani, sheria yairuhusu korti kuwapatanisha.

Mtoto hahukumiwi kama mtu mzima. Kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai kabisa. Hapo awali umri huo ulikuwa miaka 8 tu.

Asiyeridhika na hukumu ya hakimu ana siku 14 za kukata rufani katika Mahakama Kuu. Juu yake iko Mahakama ya Rufani, na juu ya zote Mahakama ya Juu, ambayo mwezi wa Desemba 2017 katika kesi ya Francis Muruatetu iliamua kwamba haifai jaji kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo kwa kila kesi ya kuua bila kutazama mambo ya kila mtu. Siku hizo 14 zapita upesi, kwa hiyo jamaa waulize mapema.

MAWE SI KORTI

Ni kweli kwamba kesi huchelewa, na kwamba mlalamikaji hupoteza nauli nyingi kwa kuahirishwa. Ni kweli pia kwamba wako watumishi wa sheria wanaopokea hongo. Mtu aliyetendewa vibaya na polisi aweza kuandika malalamiko kwa halmashauri huru ya kusimamia kazi za polisi, IPOA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Lakini dawa ya korti inayochelewa si kundi la watu wenye mawe. Kundi hushika, hushtaki na kuhukumu kwa dakika tano, kwa mkono mmoja, nalo halina rufani. Likimwua mtu kwa kumdhania, na kesho yake mwizi wa kweli akaonekana, hakuna wa kumrudisha aliyekufa. Na kila aliyerusha jiwe aweza kushtakiwa kwa kuua.

Basi mama wa Uthiru aliyeibiwa mtungi ana kazi yake katika sheria: apige ripoti mapema, achukue namba ya OB, aitunze risiti ya mtungi, na afike kortini kila aitwapo. Kijana naye ana kazi yake: aseme kweli au anyamaze, asikiri asilolitenda, na arudi siku aliyoahidi. Majirani nao wana kazi moja, ngumu kuliko zote, nayo ni kumshika mtu bila kumdhuru na kumkabidhi kwa askari akiwa hai, kisha waende kusema mbele ya hakimu yale waliyoyaona.